Mikono Saba ya Desideri Komba

Mikono ililishwa kwanza, ndipo wanafunzi walipokaa.

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya darasa la jioni pale Chuo cha Mkoleni, na Eusebia Kapinga hakuizoea. Mengine aliyazoea: baridi ya milima ya Umatengo iliyopenya kwenye nyufa za mbao, viti virefu visivyo na mgongo, hata harufu ya tapentaini iliyomkaa kooni mpaka asubuhi. Lakini mabeseni yale saba yalimtia kinyaa kila jioni kama ndiyo kwanza ayaone. Ndani ya kila beseni, katika mchuzi vuguvugu wenye rangi ya maji ya kuoshea mchele, ulilala mkono mmoja wa kulia: ngozi na msuli bila mfupa, mtupu kwa ndani kama soksi. Ulinuka maziwa yaliyolala na sarafu iliyoshikwa kwa jasho. Uliota kucha, kwa hiyo kulikuwa na zamu ya kuzikata. Kwenye vifundo vya vidole uliota vinyweleo vyeupe vya kizee, na hivyo hakuna aliyekubali kuvinyoa.

Yote saba ilikuwa ya mtu mmoja. Desideri Komba alikuwa mchoraji wa sura za watu, na sifa zake zilivuka mipaka akiwa bado hai. Alipokuwa anakata roho alikubali, mbele ya watoto wake, kampuni moja ya mjini ichukue chembe za mkono wake wa kulia na kuziotesha, ili ujuzi usizikwe naye. Mwili ulizikwa. Mkono ukaota, ukawa mmoja, ikawa mingi, na saba ikaletwa Mkoleni.

"Usiutazame, mama. Uvae tu," Mwalimu Salvius Haule alimwambia siku ya kwanza. Alikuwa kijana mpole, aliyependa kazi yake, na mikono aliishika bila kinyaa kama mchinjaji anavyoshika maini.

Eusebia aliuvaa. Ulipanda hadi chini ya kiwiko kwa sauti ya mtu anayenyonya mfupa wa supu. Kisha kulikuja mwasho, kama siafu wanaotafuta njia, maana mishipa ya fahamu ya ule mkono, myembamba kuliko nyuzi za buibui, ilikuwa inapenya kwenye vitundu vya ngozi yake kutafuta mishipa yake yeye. Halafu mwasho ukaisha, na mkono wake ukajua kushika brashi.

Hapo ndipo lilipokuwa tatizo lake. Alichukia kuuvaa, na alipenda kuwa ameuvaa.

Darasa zima lilikuwa linanakili picha moja ya Komba, ile ya mama yake akichambua maharage. Wanafunzi walianza na rangi ya udongo iliyolainishwa kwa tapentaini, nyepesi kama chai ya rangi, kupata vivuli tu. Ilipokauka waliongeza rangi yenye mafuta ya kitani kidogo, kisha yenye mafuta zaidi, maana tabaka nono likikaa chini ya tabaka kavu picha hupasuka. Mkono ulifundisha mambo ambayo hayakuwa katika kitabu chochote. Ulimkatalia Eusebia rangi nyeusi. Kila alipotaka kuchovya kwenye nyeusi ili apake shavu la mwanamke mweusi, vidole viligoma, vikaenda kwenye kijani na nyekundu, vikazichanganya pembeni ya ubao wa rangi, na kwenye turubai ngozi ya mwanamke ikapata joto.

Alikuwa ameshona sare za shule tangu usichana wake. Hakuwa amewahi kuumba kitu chenye joto. Jioni za namna hiyo alirudi nyumbani akijinusa kiganja, akiona haya kwa furaha yake.

Wala hakuja kwa ajili ya mama yake Komba. Alikuja kwa ajili ya Adelina, mwanawe wa pekee, aliyechukuliwa na homa kabla hajaolewa. Ulipofika ule mwaka wa Kufutika, picha zote zilizohifadhiwa hewani zilipotea nchi nzima, na Adelina akapotea mara ya pili. Tangu hapo watu hawakuiamini tena picha isiyoshikika, ndiyo maana mafuta na turubai vilirudi. Eusebia alibaki na sura kichwani, na sura ile ilikuwa inachujuka kama kitenge kinachofuliwa kila siku. Sikio alilikumbuka. Mdomo ulishaanza kumtoroka.

Kwa hiyo kila alipomaliza zoezi la siku alihamia kwenye turubai dogo pembeni, na mkono ukamsaidia. Yeye alikumbuka, mkono ukatafuta. Paji la uso lilipatikana, kisha mdomo. Yalibaki macho, kwa kuwa Komba alichora macho mwisho.

*

Kengele ya abasia ng'ambo ya bonde hulia jioni kwa sala ya Malaika wa Bwana, na watu wa Mkoleni, waliozaliwa chini ya kengele ile, huinua mkono kabla akili haijaambiwa. Darasani walisahau siku zote kuweka brashi chini kwanza. Kengele ililia, mikono ikapanda kwenye paji la uso, ikashuka kifuani, ikaenda bega la kushoto na la kulia, na wote wakabaki na madoa ya udongo usoni, wakichekana na kufutana kwa matambara. Mwalimu alilalamika kuhusu matone kwenye maturubai, basi. Nani angeushangaa mkono wa Mkatoliki kujipiga msalaba kengele ikilia?

Mtu mmoja tu hakuwahi kuwepo darasani saa ya kengele. Mzee Akitanda, fundi mwashi kutoka Tunduru aliyeoa huku milimani, alikuwa Mwislamu, na kila jioni alivua mkono mapema akatawadhe na kuwahi msikiti wa sokoni. Udhu, alieleza, haukubaliki juu ya nyama ya mtu mwingine. Lakini jioni moja mvua ilishuka kwa hasira, njia ikawa mto, naye akasema atasali kibarazani ikipungua. Akaendelea kuchora maharage.

Kengele ikalia.

Longinus Mapunda, dereva mstaafu wa malori na mcheshi wa darasa, ndiye aliyeona kwanza. Mkono wa Mzee Akitanda ulipanda na brashi yake, ukapaka mstari wa udongo kwenye paji lake, ukashuka juu ya shati lake jeupe, ukavuka kushoto, ukavuka kulia.

"Jamani," Longinus alisema, "mzee kabatizwa, na maji ya mvua yapo."

Darasa liliangua kicheko. Hata Eusebia alicheka. Mzee Akitanda hakucheka. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayemzuia mbuzi.

"Si mimi," alisema. "Nimeuzuia kwa nguvu zangu zote, umenishinda."

Kicheko kilikatika. Kila mmoja akautazama mkono wake. Eusebia alihesabu moyoni jioni zote alizodhani anasali, akajiuliza nani hasa alikuwa anasali.

*

Kesho yake hakuna aliyevaa. Mwalimu Salvius alikubali wajaribu, kwa kuwa yeye mwenyewe alisema ni mazoea tu ya wavaaji. Walisimama kuizunguka meza na kusubiri, mikono ikiwa imelala katika mabeseni yake, mitulivu, kama samaki waliokwisha kufa.

Kengele ilipolia, mchuzi ulitikisika.

Mikono saba isiyo na mfupa ilijaribu kunyanyuka. Ilijikunja, ikainua vidole juu ya ukingo, ikaanguka kwa kishindo cha nyama mbichi juu ya bao la bucha. Ikainuka tena, ikatafuta kushoto, ikatafuta kulia, ikimwaga mchuzi mezani. Hakukuwa na paji la uso. Hakukuwa na kifua. Ilijipiga msalaba juu ya hewa, yote saba kwa pamoja, kisha ikatulia. Longinus alitoka nje, wakamsikia akitapika juu ya maua ya chuo.

Mmoja haukutulia. Ule aliouvaa Eusebia kila jioni ulibaki ukichezesha kidole gumba polepole, mbele na nyuma, mbele na nyuma, juu ya ukingo wa beseni. Eusebia aliutambua mwendo ule. Ndivyo alivyolainisha pindo la kitambaa kabla ya kulipitisha kwenye cherehani, maisha yake yote.

"Huyu Komba hakuwa fundi cherehani," alisema.

Mwalimu Salvius alieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetetea ndugu yake. Mkono unafundisha, alisema, na wenyewe unajifunza. Mishipa ya pande mbili ikishafumana, mambo hupita huku na huku. Lakini hakuna akili mle ndani. Hakuna mtu. Ni mazoea ya msuli. Mkia wa mjusi uliokatika nao hurukaruka, na hakuna anayeufanyia matanga.

"Alitoa uchoraji wake, sawa," Mzee Akitanda alisema. "Sala aliitoa lini?"

Mwalimu alikuwa na habari nyingine. Kampuni ilitaka kupeleka mikono ya namna hii katika shule nyingine nyingi, za watu wa dini zote na wasio na dini, na haiwezekani kila kengele ikilia turubai lichafuke au mzee wa watu atiwe aibu. Ilikuwa imemletea yeye mwalimu sindano yenye cheche za umeme. Ikichomwa kwenye kifundo wakati mwendo unaanza, huunguza njia ya mshipa inayobeba mwendo ule peke yake, na uchoraji hubaki mzima. Shida ni kwamba njia huonekana tu mkono ukiwa umevaliwa na mtu aliye hai, mwenye damu inayopita. Alihitaji mtu mmoja. Mingine sita ataiunguza kwa kufuata ramani ya ule wa kwanza. Asipopatikana mtu, mikono itarudishwa mjini na darasa litafungwa.

Aliyasema haya akiitazama sakafu, si Eusebia. Lakini wote walijua turubai la nani lilikuwa halina macho.

Walipotawanyika Eusebia alimkuta Mzee Akitanda bombani, ameloweka mkono wake mwenyewe kwa sabuni ya kufulia na kuusugua kwa gunzi la mahindi mpaka ngozi imekuwa nyekundu. Mzee alimwambia hatarudi tena darasani.

"Mama Adelina," alisema bila kuinua kichwa, "mimi si wa dini yenu. Ila nimeuvaa, nimeusikia. Kwetu mtu akiwa anasali hata mbele yake watu hawapiti. Ninyi mnataka kumchoma sindano."

"Mwalimu anasema hakuna mtu mle."

"Basi mwambie auvae yeye."

*

Eusebia hakumwambia. Alikaa nyumbani siku kadhaa akipiga magoti mbele ya ile picha isiyo na macho, aliyoichukua kutoka chuoni. Alisali rozari, na kila fumbo lilipoisha alijikuta anajadiliana badala ya kuomba. Mungu amempa njia, alisema, nani yeye wa kuikataa. Akakumbuka kwamba chini ya altare ya abasia upo mfupa wa mtakatifu, na waumini huubusu. Kumbe Kanisa lenyewe halioni kinyaa kwa viungo vya wafu. Jambo hilo lilimfariji wakati wa kuchemsha chai. Chai ilipopoa alikumbuka kuwa mfupa ule haufanyishwi kazi.

Alijaribu kuchora macho kwa mkono wake mtupu, kwenye kipande cha karatasi ngumu. Yalitoka mawili, yakalingana, yakakaa mahali pake. Yalikuwa vifungo vya shati. Akafuta akarudia, yakatoka vifungo vya koti. Alipofumba macho yake ili amtazame Adelina vizuri zaidi, aliona vifungo vilevile: mkono wake usiojua ulikuwa unampaka mwanawe rangi humo humo kichwani.

Akavaa kanga, akabeba turubai, akaenda chuoni.

Alimwomba mwalimu jambo moja, achore macho kwanza, sindano baadaye. Mwalimu Salvius alikataa kwa upole. Macho yatachukua jioni nzima, alisema, na kengele itauvuruga mkono katikati ya kazi. Waunyamazishe kwanza, wachore kwa amani. Hivyo wakasubiri. Eusebia alikaa mbele ya Adelina asiye na macho, mkono ukiwa umemnyonya hadi kiwikoni, umekuwa na joto lake. Mwalimu alipiga goti pembeni, ameshika sindano juu ya kifundo. Longinus alikuwepo pia, ameahidi kumshika bega, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Kengele ikalia.

Mkono ulipanda. Ulimgusa kwenye paji la uso kwa ncha za vidole, taratibu, jinsi mtu anavyompima mtoto homa. Eusebia alisema baadaye kwamba hapo ndipo angeweza kusema hapana. Kulikuwa na nafasi ya neno moja. Alitazama turubai, akafunga mdomo.

Cheche ikalia kama mafuta yanapokutana na tone la maji. Harufu ikapanda, ya kuku anayebabuliwa manyoya. Mkono ulishuka mpaka kifuani ukakwama hapo, vidole vikitetemeka, vikipapasa kuelekea bega la kushoto, kama kipofu anayeutafuta mlango wa nyumba alimozaliwa. Mwalimu akachoma tena. Vidole vikarudi kidogo, vikaanza upya, vikapapasa. Akachoma mara ya tatu na sindano akaiacha mle ndani, na ngozi iliyoizunguka ikageuka kijivu, ikatoa majimaji yaliyomchuruzikia Eusebia mapajani.

Kisha mkono ukanyamaza.

Hakuumia. Hilo ndilo lililomchukiza zaidi ya yote. Alisikia kila kitu kwa pua na masikio, na mwilini hakusikia lolote, kama mtu anayetazama jirani akipigwa.

"Pole, mama," Mwalimu Salvius alisema, na jasho lilikuwa linamtiririka. "Sasa chora."

Akachora. Mkono ulichukua brashi nyembamba, ukaanza na ule unyevu wa kope ya chini, mahali ambapo yeye angeanza na mduara. Ulipaka weupe usio mweupe, wenye manjano na bluu ndani yake. Ulikumbuka kwamba jicho la kushoto la Adelina lilikuwa linachelewa kidogo kufunguka, jambo ambalo Eusebia alikuwa hajalifikiria tangu siku ya mazishi. Mwisho ukaweka nuru mbili, nukta moja moja, na msichana akatazama nje ya kitambaa.

Longinus alivua kofia. "Ni yeye kabisa," alinong'ona. "Mama Adelina, ni yeye."

Eusebia alikubali kwa kichwa. Aliuvua mkono, nao ukatoka kirahisi, bila kunyonya, kama ganda la ndizi iliyoiva mno. Aliutupa kwenye beseni bila kuutazama. Ukaelea, umefungua kiganja. Nyuma yake mwalimu alikuwa anaisogelea mingine sita.

*

Picha ilitundikwa sebuleni, mkabala na msalaba. Majirani walikuja kuiona, wakalia, wakampa hongera, na mmoja akamwuliza kama angeweza kumchorea marehemu mumewe. Angeweza. Mkono wake mtupu ulikuwa umejifunza. Asubuhi ile alikuwa amejaribu jicho kwenye karatasi ngumu, na halikutoka kifungo. Lilitoka jicho, lenye unyevu, likamtazama. Aliichana karatasi vipandevipande na kunawa kwa sabuni ileile ya kufulia, hadi kwenye kiwiko, lakini harufu ya kuku wa kubabuliwa haikuondoka.

Jioni alibaki peke yake na mwanawe. Adelina alikuwa mzuri, alikuwa kamili, na Eusebia hakuweza kumtazama zaidi ya kitambo kidogo, maana kila alipoyafikia macho alisikia vidole vikipapasa kifuani pake.

Kengele ikalia ng'ambo ya bonde.

Alisimama, akainamisha kichwa, akainua mkono wa kulia. Uligusa paji la uso. Ukashuka kifuani, ukakwama. Aliusukuma kwa nia yake yote kwenda kwenye bega la kushoto, bega alilolifikia tangu hajajua kusema, na vidole vikatetemeka mahali palepale, vikapapasa, vikasahau. Alijaribu tena kuanzia mwanzo. Paji la uso. Kifua. Hakuna kitu baada ya kifua. Aliukamata kifundo kwa mkono wa kushoto ili auburute, naye alipoushika alikuta umelowa na ni wa baridi, kama ini lililotolewa kwenye jokofu, akauachia kwa kinyaa.

Ulianguka mapajani alipoketi. Kengele iliendelea mpaka ikamaliza, na Adelina akimtazama, jicho la kushoto likichelewa kidogo. Juu ya paja la Eusebia kidole gumba kikaanza kwenda polepole, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kikilainisha pindo la kitambaa kisichokuwepo.